Maji Baridi

Mtaani walimwita Bi Mkasi, na jina hilo hakupewa bure. Alishona magauni ya maharusi mpaka magoti yakagoma kukanyaga cherehani, na kitambaa alichokikata yeye hakikuhitaji kurekebishwa. Sasa alikuwa amehamia kwa binti yake, chumba cha nyuma, na tangu afike hakuna aliyemwachia hata sufuria ya kuosha. Kutwa kucha aliambiwa apumzike. Kupumzika huko kulikuwa kunammaliza.

Mkwewe, fundi umeme, alikuwa na tangi la kioo pale sebuleni, limejaa maji ya chumvi na matumbawe. Bi Mkasi aliyaita mawe, lakini kimoyomoyo, maana mkwe ni mkwe. Tumbawe kubwa, alilolilea tangu hajaoa, lilikufa kwa joto. Kabla halijaisha aliwahi kukata ncha nne zilizokuwa bado hai, kila moja kama kidole cha mtoto, akazigandisha kwa gundi juu ya vijiwe. Vipandikizi hivyo vinne ndivyo vilivyobaki. Vikifa hivyo, basi tena.

Alipoitwa kazi ya mbali, na mkewe yuko zamu hospitalini, hakuwa na wa kumwachia ila mama mkwe. Alimwonyesha mstari kwenye kioo.

"Joto hili linakausha maji, Mama. Yakishuka chini ya hapa, ongeza maji baridi."

Bi Mkasi alilala siku hiyo amefurahi kama aliyekabidhiwa funguo za nyumba.

Mchana wa pili maji yalishuka. Akafungua friji, akatoa chupa mbili zinazotoka jasho, akavimiminia vile vipandikizi polepole, kwa huruma, kama anayemnywesha mgonjwa. Joto lote lile, nani asingeshukuru?

Havikushukuru. Vinyweleo vyake vilivyokuwa vikipunga majini vikajikunja vyote. Baadaye kimoja kikaanza kubanduka ngozi kuanzia shinani, na ngozi ile ikaelea kama karatasi iliyolowa. Bi Mkasi akakimbilia simu. Akampigia binti yake.

Binti alimuuliza ametia maji gani. Kisha akaeleza kwamba maji baridi, kwa watu wa matangi, ni maji yasiyo na chumvi tu, kama mtu anavyosema samaki wa maji baridi. Maji yakikauka chumvi hubaki, ndiyo maana huongezwa yasiyo nayo. Yalikuwa kwenye dumu chini ya meza, na humwagwa kule nyuma ya tangi, kidogo kidogo, si juu ya vipandikizi. Halafu akashusha sauti, akamshauri mama aseme umeme ulikatika, pampu za tangi zikasimama. Mumewe hatajua.

Bi Mkasi alikaa na ushauri huo mkononi. Kumdanganya fundi umeme kwa umeme! Lakini alikuwa na hofu, na hofu haichagui. Akisema kweli, watamrudisha chumba cha nyuma, wampe mto wa pili, na hakuna atakayemwachia kitu tena mpaka siku anazikwa.

Jioni mkwe aliingia na mfuko wa vifaa begani. Alimkuta amekaa mbele ya tangi, mikono mapajani. Aliangalia kioo, akamwangalia yeye.

"Ni mimi, baba," Bi Mkasi akasema. "Ulisema maji baridi, nikatia ya friji."

Bi Mkasi aliona hasira ikimpanda shingoni, mishipa ikasimama, naye hakumlaumu. Mkwe akaweka mfuko chini na kutumbukiza mkono. Kipandikizi cha kwanza kilikuwa mfupa mtupu. Vitatu vilivyobaki uozo ulikuwa unapanda kutoka chini, na juu yake bado kulikuwa na ncha hai, fupi. Ilibidi zikatwe palepale, juu ya uozo, bila kuzipasua. Akachukua koleo la kukatia nyaya, akalisogeza, akasita. Vidole vilikuwa vinamtetemeka.

"Siwezi hivi nilivyo," akasema. "Kata wewe, Mama."

Alimpa koleo. Bi Mkasi, ambaye hajawahi kutoka jasho mbele ya hariri ya mtu, sasa lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye miwani. Akatafuta mahali rangi inapoishia na weupe unapoanzia. Akapanda juu kidogo, kama anayeacha nafasi ya pindo. Akabana. Ncha ikaanguka nzima kiganjani mwa mkwe, naye akaigandisha kwenye kijiwe kipya. Cha pili nacho kikakatika vizuri.

Hapo binti akaingia kutoka zamu. Alipoona mama ameinama juu ya tangi, mikono imelowa, uso umemshuka, alikuja mbio na kushika koleo amtoe pale.

"Mwachie," mumewe akasema, hakuinua hata macho. "Kimebaki kimoja."

Binti akaachia, na Bi Mkasi akafuta miwani yake.