Kiingereza cha Mume Wangu

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru, mume wangu alijulikana Andilana nzima, kijiji chetu cha pwani, kwa Kiingereza chake. Alikuwa amefanya kazi ya jikoni katika meli ya mizigo kwa miezi minane, akarudi na maneno kama thelathini na maringo ya balozi. Mimi nilitoka Mahabibo, kule Mahajanga, na nilikuwa nimesoma Kifaransa shuleni. Hilo hakulihesabu kuwa elimu.

Nyumba yetu kubwa tulimpangisha Mwingereza aliyekuja kuchunguza samaki, sisi tukahamia chumba cha nyuma, karibu na jiko. Mpangaji alisema Kifaransa vizuri, ila mume wangu alimkatiza tangu siku ya kwanza: baina yao wawili ni Kiingereza tu. Basi maskini, kwa adabu, akawa anamwandikia Kiingereza.

Jumatatu moja ikaja karatasi. Mume wangu akaisoma kwa sauti, kidole kikasimama juu ya maneno mawili: "move out."

"'Move' ni kusogea," akanieleza. "'Out' ni nje. Mgeni anaona joto. Ijumaa atasogea nje, alale barazani."

"Si tumuulize, bwana?"

"Umuulize kwa lugha gani, wewe?"

Nikaendelea kupepeta mchele.

Alhamisi akaja karani wa forodha, anatafuta nyumba ya kuishi na mkewe. Mume wangu hakumkaribisha hata kukaa. "Ina mtu," akamwambia, akamfungia mlango.

Ijumaa asubuhi tukatoa kitanda barazani, nikakifungia chandarua kipya. Mgeni akatoka na masanduku yake, akakitazama kile kitanda, akakizunguka. Nikamuuliza kwa Kifaransa anakwenda wapi.

"Ninahama, bibi. Si niliandika?"

Kuhama! Sisi wenyewe tulikuwa tumehama juzi juzi tu, tumebeba masufuria kichwani, na bwana mkubwa hakulijua neno lenyewe. Alikuwa amesimama pale akitabasamu, akisema "Yes, yes," huku akimbebea mtu sanduku.

Gari lilipoondoka, akaniambia Mwingereza hajui kuandika. Akalisema hilo tena msikitini baada ya sala, na wenzake wakamsikitikia kwa kupata mpangaji mjinga vile.

Karani alikuwa amekwishapata nyumba kwingine. Yetu ikakaa tupu msimu mzima wa mvua. Nami nikawa nampakulia wali mume wangu, naweka sahani mbele yake, naondoka kabla hajafungua kinywa kunieleza neno jingine.