Rangi Isiyotaka Jua

Kwa miezi mitano nilinuka samli iliyovunda. Ndiyo harufu ya tindikali ninayochemshia rangi yangu katika maabara ya chuo, Kilifi, na hakuna sabuni iitoayo kwenye buibui. Kila mchemsho ulinipa masizi ya kusugua na, nikibahatika, chembe za zambarau za kujaza ncha ya kijiko. Rangi hiyo ikitiwa mwilini hukaa kimya. Ukiimulika kwa taa nyekundu, huifanya oksijeni iliyo karibu kuwa kali hata ikaua seli za saratani. Ikipigwa na mwanga kwa muda mrefu hujila yenyewe, ikapauka, isifae kitu.

Sasa, Ijumaa moja umeme wa chuo ukapotea, friji ya maabara ikazima. Zamu yangu ya mashine ya kupimia ilikuwa Jumatatu, na ukiikosa unangoja muhula mwingine. Nikaichukua chupa yangu ya mwisho, nikaizungushia foili tabaka tatu, nikaenda nayo nyumbani Gede na kuitia kwenye friji ya mama. Sheria za maabara haziruhusu, najua. Nikamwambia, "Hii usiiguse, ni sampuli yangu." Akajibu, "Haya." Nikalala usingizi wa mjinga.

Jumamosi adhuhuri narudi kutoka sokoni, naikuta chupa dirishani, uchi, juani tangu asubuhi. Zambarau yote imekwenda, imebaki rangi ya chai iliyopungukiwa majani. Foili iko jikoni, imenyooshwa kwa kiganja, imefunika mkate wa sinia wa kupelekewa jirani aliyefiwa. Kwetu foili haitupwi. Hutoka harusini imefunika biriani, ikaoshwa, ikarudi kabatini kungoja matanga.

"Mama! Si nilikwambia usiiguse?"

"Sikuigusa hiyo sampuli. Nilichukua foili. Chupa nikaipangusa, nikaianika. Mie sitaki ukungu kwenye friji yangu."

Nikamhutubia: molekuli, mawimbi ya mwanga, muhula mzima umekwenda na maji. Akanijibu kwamba maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, nami nikatamani kulia kwa ghadhabu.

Mdogo wangu alikuwa ameketi pembeni pake pa siku zote, mbali na dirisha, kofia kichwani hata ndani ya nyumba. Ana ualbino, na daktari ameshamchoma sikio mara mbili kuondoa vidonda vinavyoelekea kuwa saratani. Ndiye aliyeuliza, "Kwani rangi yenyewe ni ya nini?"

Miezi mitano, na sikuwa nimewaambia. Nilijidanganya kwamba hawataelewa. Kweli ni kwamba niliogopa kumpa tumaini la bure.

"Ya vidonda kama vyako," nikasema. "Si leo, na huenda isiwe hii yangu. Ila ni dawa ya namna hiyo. Nayo haitaki jua."

Mama akaiweka chini sinia aliyokuwa ameishika. Huyu ni mwanamke ambaye hajapata kutoka na mtoto yule bila leso ya pili ya kumfunika. Amehamisha kitanda cha mtoto huyo mara tatu kulikimbia dirisha, na anajua saa jua linapofika kila pembe ya ukumbi wetu.

"Ungeniambia haitaki jua," akasema taratibu. "Nani angeifunika kunishinda mimi?"