Mkono wa Kaka Ndani ya Boti

Mimi ni fundi wa matrekta na pampu za maji hapa Bariadi, na kwa miaka mingi nilikuwa sijaona injini ya kunishinda. Nasema hivyo kwa aibu, maana majivuno hayo ndiyo yaliyonipeleka ziwani. Tajiri mmoja wa pamba alinunua boti ya jeti, mtumba, ya kutembezea familia yake Jumapili, akaiweka ufukweni upande wa Busega. Ikaanza kuishiwa nguvu. Akaniita mimi, mtu ambaye hata kuogelea sijui, nami nikakubali kabla hajamaliza kueleza.

Boti ya jeti haina propela nyuma. Ina pampu tumboni: inanyonya maji kwa chini kupitia chujio la vyuma, impela, yaani mapanga yanayozunguka ndani yake, inayakamata na kuyarusha nyuma, boti inakwenda. Nilipoifungua nilicheka. Pampu ni pampu, nikajisemea. Chujio lilikuwa limejaa magugu maji na kipande cha wavu wa dagaa. Nikalisafisha, nikabadilisha oili na plagi, nikapaka grisi. Betri ilikuwa imechoka, lakini tuliazima ya gari kuiwashia, ikakubali.

Kaka yangu mkubwa alikuwa ametoka Nkololo kunisalimia, akaomba twende wote. Yeye ni mfugaji, alitaka kuliona ziwa tu. Nilifurahi, nisifiche, maana nilitaka anione nikiendesha.

Tulipofika mbali kidogo na ufuko, injini ikawa inanguruma lakini boti haiendi. Nilijua mara moja kuwa ni magugu tena. Juu ya bomba la kunyonyea kuna kifuniko. Ukikifungua unaingiza mkono na kuchomoa uchafu. Nikarudisha wenzo wa gia katikati. Injini sikuizima. Trekta lenye betri mbovu halizimwi shambani mpaka lifike nyumbani, hiyo nimeishika tangu najifunza kazi. Nikabaki kwenye usukani, kaka akafungua kifuniko. Maji mle ndani yalikuwa meusi, huoni kitu.

"Hii haizunguki?" akaniuliza.

"Iko fri. Ingiza tu."

Kwenye trekta ningekuwa sahihi. Kwenye boti ile, wenzo ukiwa katikati, kibao cha nyuma hushuka na kuyagawa maji ili boti isimame mahali pamoja, lakini pampu yenyewe inaendelea kuzunguka mpaka injini izimwe. Kitabu chake kilieleza hivyo, kwa picha kabisa. Kilikuwa kwenye droo karibu na goti langu, na sikuwa nimekifungua.

Kaka aliingiza mkono. Hakupiga kelele. Alivuta pumzi tu, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Nikazima injini, na kweli haikuwaka tena. Nikamfunga mkono kwa shati langu, nikapunga mikono mpaka wavuvi wakaja kutuvuta. Njia nzima kwenda hospitali yeye ndiye alikuwa ananituliza mimi. Walimkata vidole vinne vya mkono wa kulia, kikabaki gumba.

Wanasema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza mkono wa mtu mwingine, tena mkono unaokamua ng'ombe. Ndugu walipokusanyika nyumbani nilingoja aseme. Akawaambia kwamba aliingiza mkono kwa haraka zake, bila kuniuliza. Alijua naishi kwa ufundi, na nani angemletea pampu yake fundi aliyemkatisha ndugu yake vidole? Nilikuwa nimekaa palepale. Nikajiambia nitasema wageni wakishaondoka. Sasa ni mwaka wa pili.

Mwezi uliopita tulikula kwa mama. Sisi tulizunguka sahani moja ya ugali. Kaka aliwekewa yake pembeni, kwa sababu anakula kwa kushoto, na pale nyumbani mkono wa kushoto hauingii kwenye chombo cha wote. Mama akaanza tena maneno yake, eti mtu mzima gani anatia mkono kwenye mashine.

"Ungemuuliza mdogo wako," akamwambia, "leo ungekuwa unakula na wenzako."

Nikaweka tonge chini. Kaka akaniangalia, akaona nataka kusema.

"Kula," akasema. "Ugali unapoa."

Nikala.