Mama Theo na Mtoto Asiyegusa Samaki

"Mama Theo, wewe huoni aibu?"

Gladness, mtoto wa jirani, aliuliza hivyo akiwa darasa la pili, macho kayatoa. Klementina alimgeuza perege kwenye karai, mafuta yakachachatika, akajifanya hajasikia.

Alikuwa amesikia vizuri sana. Pale Kivukoni alipouzia, kila mteja alikuwa na neno hilohilo: muuza samaki mzima, mwanawe anakula wali mtupu! Theodori alikuwa na miaka minne. Wali mweupe, mkavu, basi. Mchuzi ukidondokea punje moja tu, sahani inasukumwa. Harufu ya samaki ikimfikia, kichefuchefu.

Bibi yake, Febronia, alikuwa na dawa yake ya zamani. "Mshike pua, Mama Theo. Akifungua mdomo avute pumzi, mtie uji. Mumeo nilimlea hivyohivyo, humwoni alivyo?"

"Namwona, mama. Mpaka leo uji hanywi."

Lakini Klementina naye alikosea. Siku moja alinyambua samaki, akamficha chini ya wali. Theo alipomgundua alitapika, na tangu hapo hata wali wenyewe akawa anaufukua kwa kidole, kisha anauacha. Mashavu yakabonyea. Kaptula ikawa haikai kiunoni. Hapo mama mtu akaogopa kweli: mtoto alikuwa anaisha huku yeye mama anamtazama.

Kliniki, nesi alimpima uzito na damu, akamchungulia kinywa na koo. Damu ilikuwa imepungua. Akapewa dawa ya kuiongeza.

"Si kiburi, mama, anaogopa," nesi alisema. "Kuleni pamoja. Mpe wali anaoujua, na kipande kidogo cha samaki pembeni. Akikigusa, sawa. Asipokigusa, sawa. Usimfiche kitu tena, usimfokee, wala usimbembeleze. Na biskuti kabla ya chakula, acheni."

Nyumbani Febronia akaguna. "Kwa hiyo samaki anakuja kumsalimia tu?"

"Ndiyo, mama. Anamsalimia, anaondoka."

Samaki akamsalimia Theo masika yote. Mwanzoni mtoto alikitupa kile kipande nje ya mkeka. Baadaye akawa anakigusa na kunusa kidole. Akakilamba, akatema. Klementina alitazama sahani yake mwenyewe, mdomo kaufunga.

Mpunga ulipoanza kuvunwa, mchana mmoja Theo aliokota mkia uliokauka vizuri kwa mafuta, akauuma. Kraa! Akatafuna. Akameza. Febronia alifungua mdomo apige vigelegele. Klementina akamfinya paja. Bibi wa watu akainuka, akazunguka nyuma ya jiko akavipigia huko, mpaka majirani wakaja kuuliza nani kajifungua.

Sasa Theo yuko darasa la sita. Bamia hataki hata kuziona, na wanamwacha. Juzi Gladness, ambaye yuko kidato cha tatu, alimkuta anamalizia kichwa cha kambale, akalirudia swali lake la utotoni huku anacheka.

Klementina alijifuta mafuta mikononi, akanyoosha shingo.

"Aibu ya nini, Gladness? Nilimngoja mwanangu mbele ya watu wote wale, naye akaja mwenyewe."