Kona Mbili za Benard Kipkemboi

Rodah ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa anachuma chai kwenye shamba linalopakana na shimo la sita la uwanja wa gofu, kikapu mgongoni, aproni ya plastiki imelowa hadi magotini, aliposikia kitu kikipasua majani karibu naye. Mpira. Akainua kichwa, akamwona mumewe kwa mbali amesimama na fimbo yake, peke yake, akifanya mazoezi ya asubuhi. Punde ukaja mwingine, ukapotelea upande wa pili kabisa, kwenye mikaratusi. Kisha mwingine tena kwenye chai.

Rodah hakujua gofu. Lakini tangu aolewe na Benard hakuwahi kumwona akitafuta mpira kwenye chai. Wageni ndio waliotafuta. Leo mumewe alikuwa ameinama kati ya vichaka, akipekua kama mama anayesaka mayai ya kuku aliyetagia porini.

"Baba Chebet, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ni upepo."

Upepo haukuwako. Moshi wa kiwanda cha chai ulikuwa umesimama wima kama nguzo.

Benard Kipkemboi alizaliwa karibu na Siongiroi, huko Chepalungu, ambako mvua huja ikitaka na mahindi hungoja ruhusa yake. Akiwa kijana alipanda kwenda Kericho kumfuata mjomba wake, aliyekuwa askari wa lango kwenye kilabu cha gofu katikati ya mashamba ya chai. Mjomba akamtafutia kazi ya ukedi, ya kuwabebea wachezaji mifuko ya fimbo. Nyuma ya kibanda cha makedi palikuwa na kiwanja chenye mikaratusi miwili. Makedi walichezea hapo kwa fimbo moja kuukuu waliyopokezana, na mchezo wao ulikuwa kugonga debe lililowekwa nyuma ya miti. Mpira ulionyooka uligonga mti. Ilibidi uupinde, uzunguke kutoka kulia kwenda kushoto, au kutoka kushoto kwenda kulia.

Wengi walijifunza kona moja, wakaridhika. Benard alijifunza zote mbili, na alizijua kama anavyoijua mikono yake. Wanachama wa kilabu walipokuwa na wageni walimwita kutoka kibandani. "Kushoto!" wangesema, na mpira ungeondoka, uning'inie juu ya chai, halafu uiname kushoto taratibu. "Kulia!" Nao ungeinama kulia. Wageni walipiga makofi. Watu wote wa laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa chai, hata wasiowahi kukanyaga nyasi za kilabu, walimwita Kona.

Mwaka wa tisini na tano ilijulikana kwamba Mzee Onyancha, mwalimu wa gofu wa kilabu, angestaafu na kurudi kwao Kisii. Kamati ikatangaza kwamba nafasi yake itashindaniwa na watu wawili, Benard na kedi mwenzake Sagini, kwa kucheza siku mbili za mwisho wa wiki mwezi wa Novemba. Atakayetumia mapigo machache zaidi ndiye atakayekuwa mwalimu. Na mwalimu alipewa nyumba. Ilikuwa nyumba ya mawe nyuma ya kilabu, yenye jiko la ndani na bomba la moshi.

Hiyo nyumba Benard aliiwaza kama mgonjwa anavyowaza dawa. Kifua cha Rodah kilikuwa kimeharibika. Kericho hunyesha karibu kila alasiri, mara nyingi mvua ya mawe, na mchuma chai hangoji ianuke. Daktari wa zahanati alikuwa amemwambia waziwazi, "Mama, acha hii kazi kabla haijakumaliza. Hiki kifua kinataka mahali pakavu." Lakini chumba walichoishi na watoto wao watatu kilikuwa cha Rodah kwa sababu ya kazi yake. Kedi hapewi chumba. Akiacha kuchuma, wanatoka. Na huko Siongiroi shamba la baba yake Benard kaka zake walikuwa wameshagawana, wakamwachia kipande chembamba kandokando ya mkondo uliokauka.

Kwa hiyo Rodah aliendelea kuchuma na kukohoa, na Benard aliendelea kupiga mipira.

Sagini alikuwa rafiki yake. Wazazi wake walitoka Nyamira kuja kuchuma chai, naye akakulia laini, akaingia ukedi mwaka mmoja na Benard. Sagini alikuwa na mpira mmoja tu. Ulianzia kushoto kidogo, ukarudi kulia kidogo, ukatua. Jana hivyo, leo hivyo, kesho hivyo. Hakuna mgeni aliyewahi kuitwa kuutazama. Lakini Benard alijua jambo ambalo waliopiga makofi hawakulijua. Makedi waliposhindana, mara nyingi Sagini ndiye aliyemshinda.

Mzee Onyancha naye alijua. Siku moja alimketisha Benard kwenye benchi la nje ya duka lake la fimbo.

"Kijana wangu, hii kazi naitaka uipate wewe. Lakini hutaipata na hizo kona mbili. Ukisimama kwa mpira unajiuliza, leo twende wapi? Sagini hajiulizi. Chagua moja, ingine uachane nayo."

"Mzee, na wewe una wake wawili huko Kisii, kila mmoja na nyumba yake."

Onyancha alicheka kidogo, kisha akaacha. "Ndio maana nakwambia. Najua vile mtu huchoka kwa mlango akijiuliza aingie wapi."

Benard alichagua kulia. Aliona ni salama zaidi, maana mpira unaopinda kulia hutua polepole na hausogei mbali. Siku za kwanza aliona wepesi wa ajabu, kama mtu aliyetua mzigo. Hakuwaza, alipiga tu. Alimwambia Rodah aanze kufikiria mapazia ya nyumba ya mawe.

Halafu mikono ikamgeuka.

Anayetaka kupinda kulia sharti aelekee kushoto kwanza, aupe mpira nafasi ya kurudi. Benard alielekea kushoto, akapiga, na mpira badala ya kurudi ukazidi kwenda kushoto. Ilikuwa ile kona aliyoiacha, imejiita yenyewe. Akashtuka. Pigo lililofuata akaubana mkono ili jambo hilo lisitokee tena, na mpira ukaruka kulia kabisa, mpaka mitini. Sasa kila aliposimama aliona hatari pande zote mbili. Zamani alipeleka mpira kokote alikotaka. Sasa ulikwenda kokote ulikotaka wenyewe.

Alijaribu kila kitu. Alijifunga kiwiko kwa leso ya Rodah. Alitia kokoto kwenye kiatu ili mguu wa kushoto usisahau kusimama. Alipiga mipira mpaka viganja vikachubuka, akavipaka mafuta ya ng'ombe, akarudi tena. Jumapili alikwenda mbele kanisani kuombewa. Mchungaji, ambaye hakuuliza shida ni gani, alimwekea mkono kichwani akasema, "Bwana, nyosha mapito ya ndugu yetu." Benard, macho yamefumbwa, aliona kama anadhihakiwa. Kunyosha ndicho kitu pekee ambacho hakuwahi kukijua.

Alirudi kwa Onyancha. "Mzee, nirudishie kona zangu."

"Zimeenda wapi?"

"Sijui. Hii nilichagua inakataa, na hiyo nilifukuza inakuja bila kuitwa."

Mzee alimtazama akipiga mpira mmoja, wa pili, wa tatu. Alipovua kofia na kujikuna kichwa, Benard alielewa kuwa hata yeye hana dawa.

Wiki ya mashindano Rodah alishikwa na homa, lakini aliamka akaenda shambani kwa sababu nyapara alikuwa ameshamwonya juu ya kukosa kazi. Jioni alikaa kitandani amejifunika blanketi, akasubiri watoto watoke nje.

"Niambie ukweli," alisema. "Nimeona mipira kwa chai. Wachumaji wenzangu wanaiokota na wananiangalia. Tungoje hiyo nyumba, ama nianze kufunga vitu?"

Benard alitaka kusema ngoja.

"Usifunge bado," alisema hatimaye, na sauti yake haikumpa Rodah lolote la kushika.

Siku ya kwanza ya mashindano ukungu ulikuwa mzito. Sagini alipiga mpira wake uleule, kutoka kushoto kidogo kuja kulia kidogo, shimo baada ya shimo. Benard alipigana. Katika mashimo kadhaa aliupata mpira wa kulia, akaanza kupumua, kisha ukapotelea kushoto tena. Mchezo wa siku hiyo ulipokwisha alikuwa nyuma kwa mapigo sita. Kapteni wa kilabu alimpita bila kumwangalia usoni, na hilo lilimuuma kuliko matusi.

Jumapili aliamka akiwa hana cha kulinda. Kwenye shimo la kwanza alisimama, akaangalia njia ya nyasi inavyopinda kushoto, akaamua kuupeleka mpira kushoto kama zamani. Uliinama kama umeitwa jina. Shimo la pili akaupeleka kulia. Ukatii. Makedi waliokuwa wanafuata kwa mbali wakaanza kusogea. Kufikia katikati ya mchezo Benard alikuwa amefuta karibu pengo lote, na kwenye shimo la kumi na tano, alipouzungusha mpira nyuma ya miti ya misaiprasi ukatua karibu na bendera, mtu alipaza sauti, "Kona!" Sagini mwenyewe alitikisa kichwa akatabasamu. Walikuwa sawa.

Shimo la kumi na saba lina chai kushoto na kijito kulia, na njia yake ya nyasi ni nyembamba. Halipindi upande wowote. Mtu anaweza kulicheza kwa kona yoyote. Sagini alitangulia, akapiga mpira wake, ukatua katikati.

Benard akasimama. Alianza na kulia. Akakumbuka kijito, akageuza miguu kwa ajili ya kushoto. Akakumbuka chai. Akarudi nyuma, akafuta mikono kwenye suruali, akasimama tena. Mawingu yalikuwa yameshajaa juu ya kilima na akasikia ngurumo ya kwanza. Alitamani mtu apaze sauti kama wale wanachama wa zamani, aseme tu kushoto, au kulia, lolote, yeye atekeleze. Hakuna aliyesema. Aliinua fimbo kabla hajaamua, na mikono ikashuka nusu ikitaka huku, nusu ikitaka kule. Mpira ulitoka chini chini ukaingia kijitoni, akauona ukigonga jiwe.

Alipiga mwingine, ukaingia chai.

Mashindano yalikwisha pale, ingawa walimalizia shimo la mwisho kwa adabu huku mvua ya mawe ikiwapiga mabegani. Kapteni alimpa Sagini mkono barazani. Benard naye alimpa mkono, akaondoka kwenda kibanda cha makedi, akaketi sakafuni.

Sagini alimfuata huko, nguo zikitiririka maji.

"Benard, usinichukie."

"Sikuchukii. Ulichagua vizuri."

"Nilichagua nini?"

"Kona moja. Kila mtu aliniambia nifanye kama wewe."

Sagini alikaa kwenye kreti la soda. Mawe yalikuwa yakigonga mabati.

"Bwana, mimi sikuchagua," alisema. "Hiyo ya kushoto nimejaribu tangu tukiwa hapo nyuma kwa miti. Nikienda peke yangu najaribu. Haikuji. Unafikiri sikutaka kuitwa mbele ya wageni? Huo mmoja ndio niko nao tu."

Benard alifunika uso kwa viganja vyake vilivyochubuka akalia kwa sauti, mbele ya rafiki yake, kama mtoto. Angeambiwa kuwa Sagini ni mwerevu kuliko yeye angevumilia. Kuambiwa kwamba hapakuwa na werevu wowote, kwamba yeye peke yake ndiye aliyewekwa kwenye njia panda na kuambiwa achague, hilo hakujua aliweke wapi.

Rodah alifunga vitu. Hakumlaumu hata kwa neno moja, na Benard angependelea amlaumu. Kabla ya Krismasi waliteremka Siongiroi na watoto na godoro na sufuria zao, wakajenga nyumba ya udongo kwenye kile kipande chembamba. Sagini, akiwa sasa mwalimu, alituma salamu mara mbili, kwamba angemwombea kazi ya kukata nyasi kilabuni. Benard hakujibu.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mbaya. Mahindi yaligoma. Benard alianza kununua mbuzi kule Chebunyo na kuwauza soko la Siongiroi, kazi ambayo hakuipenda na ambayo mara nyingi ilimrudisha nyumbani na mbuzi walewale. Alikuwa mkali kwa watoto bila sababu. Wakati mwingine Rodah alimkuta ameketi nyuma ya nyumba, mikono imeshikana kwa namna ambayo fimbo hushikwa, pasipo fimbo.

Lakini kule chini hakuna mvua ya kila alasiri. Kikohozi cha Rodah kilipungua mwezi baada ya mwezi, mpaka siku moja alipanda kutoka mtoni na mtungi wa maji bila kupumzika njiani. Aliutua mlangoni, akasimama akipumua, akishangaa mwenyewe. Benard alimwona, akaenda akauingiza ule mtungi ndani.

Jioni hiyo, wakinywa chai, Rodah alimuuliza swali ambalo alikuwa amelikalia tangu Kericho.

"Kama ungerudi pale kwa ile shimo, ungepeleka wapi?"

Benard alizungusha kikombe viganjani. Chai yake ikapoa.

"Sijui," alisema. "Hata leo, Mama Chebet, sijui."

Rodah akamwongezea chai ya moto juu ya ile baridi, naye akainywa.