Kina Annie Watatu Waliofutwa Wangali Hai

Huyu ni Dympna Con Hughie Boyle, mzaliwa wa Drumlaghan, Donegal. Hughie, babu yake, ndiye aliyesimama langoni kwake na uma wa kugeuzia majani, wakala wa mwenye ardhi akaja na askari sita, na wote saba wakarudi walikotoka. Con, baba yake, alichimba makaburi ya parokia yetu miaka arobaini na hakuwahi kumlaza mtu juu ya mtu asiye wake. Na Dympna mwenyewe alishika daftari la miadi la saluni ya Bernie, na kitana pia, miaka thelathini na minane, na katika miaka yote hiyo wanawake wawili hawakugombania draya moja hata siku moja. Nimeyaweka haya mbele ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyeambiwa, wateja wakisikia, kwamba kazi yake sasa inafanywa na kompyuta.

Nina hasira, wala sitaificha.

Watu hudhani kupanga miadi ni kuandika jina na saa. Dympna aliandika kwa penseli, kwa sababu alijua maisha hufuta. Jumanne ya mnada wa ng'ombe hakumpanga mke wa mfugaji yeyote. Mwenye nyonga mbovu alipewa nusu saa ya ziada, ya kupanda ngazi tatu za mlangoni bila kusukumwa. Mary Hannah na shemeji yake, ambao hawajasemezana tangu ile kesi ya njia ya shambani, hawakukutana hata kwenye sinki. Na Ijumaa asubuhi ilikuwa yetu sisi wazee: kuoshwa, kuwekwa rola, kukaa kwenye draya, kuchanwa, sprei, nyumbani. Kwa mjane anayeishi na paka, hiyo ndiyo mara pekee kichwa chake kinaguswa na mkono wa mtu kwa wiki nzima.

Halafu kuna majina. Nusu ya parokia ni McGinley. Kwa hiyo mtu huitwa kwa baba yake, au kwa nyumba yake. Kulikuwa na Annie McGinley wanne, wote wa Ijumaa: Annie Packie, ambaye baba yake alikuwa Packie, Annie wa Posta, Annie Mwekundu, ingawa wekundu wa nywele uliondoka zamani, na Annie wa Kinuni, aliyeolewa na kaka yake Annie Packie. Katika daftari la Dympna walikuwa watu wanne. Angewachanganyaje? Wewe unachanganya vidole vyako?

Magoti ya Bernie yalipokataa kazi, saluni ikaenda kwa mke wa mwanawe, Clodagh, msichana wa Dublin. Simsemi vibaya kwa mikono, ana mikono mizuri. Masikio ndiyo hana. Wiki ya kwanza akakaa kuhamisha daftari kwenye kompyuta, Dympna pembeni yake akimsomea.

"Huyu Annie McGinley umemwandika mara nne, Bi Dympna."

"Ni watu wanne."

"Jina moja, kijiji kimoja, Ijumaa moja?"

"Ulitaka wagawane kichwa kimoja?"

"Kompyuta inataka jina la mtu na jina la ukoo, basi. Habari za baba zao haina pa kuziweka."

"Basi haitufai."

"Itakuzoea."

Itakuzoea! Mwanamke wa miaka sabini na miwili anaambiwa atazoewa na kipande cha kioo. Clodagh akawakunja kina Annie wanne wakawa mmoja, daftari likapelekwa stoo chini ya maboksi ya shampuu, na Dympna akabakiziwa Jumanne na Jumatano. Jioni ile nilimkuta akining'iniza koti nyuma ya mlango wake. Nikamwambia, "Mjibu." Akasema, "Rose Ann, nikimjibu leo nitamaliza maneno yote, na siku ya haja itakuja sina hata moja."

Siku ikaja. Annie wa Kinuni alifariki Jumatano. Alhamisi redio ikasoma tangazo lake pamoja na ya wengine, kama kila siku: Annie McGinley, Drumlaghan, nyumba ya kinuni, mazishi Ijumaa, jeneza litaondoka nyumbani saa tano. Clodagh alikuwa ndani ya gari. Alisikia jina. La nyumba hakulisikia, au alilisikia likampita. Akafika saluni, akamtafuta Annie McGinley kwenye kompyuta, akabonyeza palipoandikwa "amefariki", akamfuta. Na kwenye nafasi nne zilizoachwa wazi akaingiza bibi harusi wa Letterkenny na wasindikizaji wake. Saa hiyohiyo Dympna alikuwa nyumba ya kinuni, akimseti marehemu nywele kwa mara ya mwisho.

Ijumaa saa tatu mimi nilikuwa kitini, kichwa kimelowa. Jina langu halina pacha, nikasalimika. Wakaingia kina Annie watatu kwa nguo nyeusi, wameshikana mikono kwa sababu ya ngazi.

Clodagh akatazama kioo cha kompyuta. "Samahani, mabibi. Hamumo."

"Hatumo wapi?" akauliza Annie wa Posta. "Si sisi hawa tumesimama?"

"Kwenye orodha. Hapa inaonyesha Annie McGinley…" Akasita. "Inaonyesha amefariki."

"Nimekufa? Mbona goti bado linaniuma?"

Wale wa harusi wakacheka. Annie Mwekundu akapiga ishara ya msalaba. Annie Packie hakucheka wala hakujibariki. Akavua kitambaa. Alikuwa amekesha na wifi yake usiku mbili, ameegemea ukuta, nywele zimelala upande mmoja kama majani yaliyolaliwa na mbwa.

"Jeneza linatoka saa tano," akasema. "Kaka yangu alishatangulia, watoto hawakupata. Mimi ndiye wa kwanza nyuma yake, parokia nzima ikinitazama. Nitoke hivi?"

"Naweza kukupa Alhamisi ijayo," Clodagh akasema.

Alhamisi ijayo! Nilisikia kwa masikio yangu. Nikainuka na taulo shingoni, maji yananichuruzika mgongoni, nikachukua simu ya saluni bila kumwomba mtu nikampigia Dympna. Anakaa mlango wa tatu. Alifika na ndara miguuni.

"Bi Dympna, leo si siku yako," Clodagh akasema.

"Najua. Leo ni siku yao."

"Ni kosa la mashine tu."

"Mashine ndiyo iliyosikiliza redio?"

Clodagh akaisogeza kompyuta pembeni.

"Ulisikia jina la mtu ukamfuta. Hukuuliza ni Annie wa nani."

"Ningemuuliza nani?"

"Mimi! Niko mlango wa tatu, na nimekaa hapa miaka thelathini na minane nikingoja kuulizwa! Siku ya maziko wewe unajaza saluni watu wa harusi? Bernie hakukufundisha? Akifa mtu, asubuhi ya maziko viti vyote ni vya wafiwa. Vyote. Hata kama Papa amekuja kunyoa ndevu, anangoja."

Bibi harusi, mtoto mwenye adabu, akainuka. "Bibi akae hapa kwangu."

"Kaa, mwanangu, wewe hujakosa. Ila mwenye msiba hasetiwi katikati ya vicheko." Akawageukia kina Annie. "Twendeni jikoni kwangu. Rose Ann, beba rola zote."

"Hizo rola ni za saluni," Clodagh akasema.

"Niitie polisi," nikamwambia, nikazibeba.

Tulikuwa na saa moja na nusu na sinki moja la vyombo. Draya hatukuwa nayo. Dympna akawasha oveni, akafungua mlango wake, akawapanga wale watatu kwenye viti mbele yake, vichwa vya rola vimeinamia joto kama mikate. Annie wa Posta akasema hajawahi kuiva upande mmoja tangu azaliwe. Annie Packie ndipo akacheka, na katikati ya kicheko akalia, na Dympna akaendelea kumchana bila kumwambia anyamaze. Mimi nilichanwa wa mwisho, nusu mbichi, na nikapata mafua kwa hilo.

Saa tano Annie Packie alitoka mlango wa nyumba ya kinuni nyuma ya jeneza, nywele zimekaa wimbi juu ya wimbi, shingo imenyooka. Hakuna aliyekuwa na la kunong'ona juu yake.

Baada ya kuzika tulikuwa ukumbi wa parokia, kwenye chai na sandwichi, Clodagh akaingia. Peke yake, macho mekundu. Wanawake wakafungua njia, si kwa heshima. Mimi nilimpa mgongo, na bado nampa.

Akasimama mbele ya Dympna. "Bi Dympna, rudi. Ijumaa zote, na siku nyingine utakayotaka. Utakaa pale, uniambie nani ni nani."

"Sirudi."

"Nimekuomba radhi."

"Hujaomba. Umeomba msaada. Na mimi hukunikosea kama ulivyowakosea hawa. Nikirudi, nitakukumbusha nani ni nani mpaka nife, halafu utamfuta nani siku hiyo?" Akachomoa penseli nyuma ya sikio, akamwekea mkononi, akamvutia kiti kwa mguu. "Kaa. Utaandika upya daftari zima, kwa mkono wako. Anza na hawa watatu. Majina usiwaulize, majina unayo. Waulize baba alikuwa nani, nyumba ipi, nani hawezi ngazi, nani hasemi na nani. Wakimaliza, kesho anza barabara ya kinuni, mlango hadi mlango. Gari liache, nenda kwa miguu. Ukipewa chai, kunywa. Na nyumba ya mwisho ukifika, usiniletee mimi daftari. Mpelekee Annie Packie akukague."