Mistari ya Chaki Barazani

Mimi ni mtu wa amri, sikatai. Afisa wa afya alipopita mtaani kwetu Busia, upande wa Uganda, akituonya kwamba mafua makali yamefika Tororo na yanakuja huku, wenzangu wenye maduka waliitikia "sawa, sawa" wakarudi kwenye shughuli zao. Mimi nilisimamisha cherehani zote siku hiyo hiyo. Nikawaambia mafundi wangu wasimame, wabebe viti wakae mbalimbali, na asiyetaka kubeba aende akashone kwao.

Nilikuwa na sababu. Dada yangu mkubwa, aliyenifundisha kushika mkasi, aliondoka na mafua. Watu husema mafua hayaui, mtu ajifukize tu anywe na limau. Yake yalishuka kifuani, na kabla hatujaelewa ni nini tukajikuta kwenye matanga. Alimwacha mumewe, ambaye alikuwa fundi wangu wa suruali, mtu wa Mella, mpole mpaka anakera. Kila mtu alidhani atarudi kwao alime. Matanga yalipoisha alikuja kazini asubuhi kama kawaida, akafuta vumbi kwenye cherehani yake, akaniuliza, "Shemeji, leo tunaanza na nini?" Nilimpenda sana kwa swali lile. Kwa hiyo mafua yalipotangazwa nilijua jambo moja tu: huyu hayatamchukua. Wengine nao, bila shaka, lakini huyu kwanza.

Afisa alikuwa ametuambia tuachiane mita mbili. Sasa mwambie fundi cherehani mambo ya kupima uone. Kila mmoja ana futi shingoni, na kila mmoja anaamini ya kwake ndiyo ya kweli na ya mwenzake imevutika. Mmoja alipima toka cherehani hadi cherehani. Mwingine akasema hapana, mafua hayatoki kwenye cherehani, pima toka pua hadi pua. Fundi wa mapazia, mama mmoja mnene wa maneno, alidai kifua chake kinaanza mbele kuliko cha wengine kwa hiyo apimiwe toka pale. Tulicheka mpaka nikasahau kwamba nimekasirika. Mwishowe nilichukua chaki ya kukatia nguo, nikachora mistari sakafuni na barazani, kila mtu na chumba chake kisicho na ukuta. Nikatangaza kwamba atakayevuka mstari bila ruhusa atafumua mishono yote ya wiki.

Madirisha yaliyokuwa yamepigwa misumari tangu enzi za mwenye nyumba tuliyang'oa. Beseni la maji na sabuni likakaa mlangoni. Vikombe vya chai, ambavyo tulikuwa tukipokezana bila hata kusuuza, nilivipiga marufuku. Kila mmoja akaleta chake na kukifunga uzi wa rangi yake kwenye kishikio. Barakoa tulijishonea kwa vipande vya sare za shule tulizokuwa tunashona, kwa hiyo mpita njia angetutazama mdomoni tu akajua wiki hiyo tunashonea shule gani.

Shemeji nilimpa mahali pazuri kuliko pote: mwisho wa baraza, kando ya barabara, penye upepo wa pande zote. Nilijipongeza kabisa. Sikufikiria kwamba ng'ambo ya barabara, mkabala naye, kulikuwa na kibanda cha mama wa chai.

Mama huyu alitoka Kisoko. Aliachika zamani, watoto wake walishakua, naye alikuwa na mkono wa chai ambao sijawahi kuuonja kwingine. Aliingia kwetu mara mbili kwa siku na birika, akasimama nje ya mstari wa kila mtu, akamimina kwa kunyoosha mkono. Kwa shemeji, mkono ule ulikuwa ukichelewa kurudi. Mimi nilikuwa ndani nahesabu kola, sikuona kitu.

Waliona wengine, na hapo ndipo mpango wangu ulipoleta mambo. Zamani tulikaa tumebanana, umbea ukapita sikio kwa sikio bila mtu kuondoa mguu kwenye pedali. Sasa ukitaka kumsengenya mtu inabidi upige kelele. Mtaa mzima ukawa unasikia. Madereva wa malori, waliokuwa kwenye foleni ya kuvuka mpaka tangu alfajiri, wakawa wanachangia kutoka madirishani. Siku moja fundi wa mapazia alipaza sauti, "Shemeji, hiyo suruali moja unaishona tangu asubuhi. Sindano imepotea ama macho yamevuka barabara?" Shemeji aliinamisha kichwa hadi karibu ashone ndevu zake. Ng'ambo ya pili mama wa chai alijitanda leso usoni, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mimi nikasimama mlangoni na kola zangu, ndipo nikaelewa.

Nikarudi ndani kuhesabu kola upya.

Mafua yenyewe yalifika. Duka la vyombo la jirani lilifungwa kwa sababu wauzaji wake wote waliugua pamoja. Kwetu aliugua fundi wa magauni tu, akakaa nyumbani mpaka akapona, na kazi haikusimama. Nilitembea mtaani nimeinua kidevu. Lakini wateja wa chai walipungua, watu waliogopa kukaa pamoja kwenye benchi, na asubuhi moja mama wa chai alikuja na birika akatuaga.

"Kesho nakwenda Kisoko," alisema. "Kaka yangu anataka nirudi nyumbani. Kibanda nimempa mtu mwingine. Sitarudi."

Alimmiminia kila mtu, shemeji akawa wa mwisho, kisha akavuka barabara kwenda kufunga vitu vyake. Shemeji aliinuka. Alikwenda mpaka kwenye mstari wangu wa chaki na pale akasimama, maana yeye, katika watu wote, ndiye aliyekuwa akitii. Akasema kitu ndani ya barakoa. Hakuna aliyesikia.

"Sauti, shemeji," fundi wa mapazia akamwambia, safari hii kwa upole.

Akaivuta barakoa hadi kidevuni. Mtu mwingine ningemrarua. "Mimi nakwenda na wewe kwa kaka yako," akapaza sauti kuvuka barabara. "Nakwenda kuomba nikuoe."

Dereva mmoja wa lori alizima injini ili asikie jibu. Mama wa chai alisimama na birika mkononi, na hakumtazama shemeji. Alinitazama mimi.

"Huyu ni mume wa dada yako," akasema. "Wewe ukikataa, mimi nakwenda zangu kesho peke yangu, hakuna ubaya. Unasemaje?"

Nilifurahi, na iliniuma, yote mawili kwa mpigo mmoja, na sikujua nianze na lipi. Mradi yule mtu alikuwa amekaa kwenye kibaraza changu anashona suruali, ilikuwa kama dada ametoka kidogo tu kwenda sokoni. Shemeji alinigeukia. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyejiandaa kurudi kwenye kiti chake bila kunilaumu, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Huyu usiku halali bila redio," nikamwambia yule mama, kwa sauti ya kuvuka barabara. "Inaongea mpaka kunakucha. Dada yangu alilalamika miaka yote, lakini yeye mwenyewe hakuizima hata siku moja."

Alilitua birika chini taratibu, akajifuta mikono kwenye leso.

"Betri nitanunua mimi," akasema.